Ukiitwa Kamati ya Nidhamu kwa Sababu ya Ulichosema: Mwongozo kwa Mwanafunzi wa Chuo

Barua huja jioni. Nilikaa miaka miwili kwenye kamati ya nidhamu ya chuo kimoja nikiwa mwakilishi wa wanafunzi, na sikumbuki hata moja iliyotolewa asubuhi. CR, mwakilishi wa darasa, anakupigia: "Kaka, kuna barua yako kwa Mshauri wa Wanafunzi." Unaifuata saa kumi na moja, mhudumu keshabeba mkoba wake, unasaini kwenye daftari, unaisomea ngazini. Kikao keshokutwa saa tatu. Kosa: "kuleta usumbufu na kuchafua taswira ya chuo." Neno siasa halimo.

Wala usilitegemee. Mtu anasimama kwenye kamukunji, mkutano wa wanafunzi wote, akaisema serikali, au anaandika kwenye grupu la mwaka wa pili kwamba bumu, fedha ya mkopo ya kujikimu, limechelewa kwa sababu wakubwa wanakula, halafu anashtakiwa kwa kuitisha mkusanyiko bila kibali, kutumia jina la chuo bila ruhusa, au kutotii agizo la mlinzi. Ndiyo maana utetezi wa "nina haki ya kusema" ukisimama peke yake hauendi mbali. Niliowaona wakitoka salama, wengi walitolewa na tarehe, saini, au kifungu kilichonukuliwa vibaya. Utapigania hoja zako pengine. Mbele ya kamati, pigania utaratibu.

Nimeandika kwa kuitazama Tanzania zaidi. Kenya nitaigusa pale sheria yao inapompa mwanafunzi silaha ambayo sisi hatuna.

Kwanza, ujue unaingia kwenye nini

Mgogoro huu ni mkongwe kuliko majengo mengi ya vyuo vyetu. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya kwenda Jeshi la Kujenga Taifa, wengine wamebeba bango la "Afadhali wakati wa ukoloni". Mwalimu Nyerere aliwapokea Ikulu, akawasikiliza, kisha akawarudisha makwao karibu 400. Samuel Sitta, aliyekuja kuwa Spika wa Bunge, alikuwa miongoni mwao. Julai 1971 Symonds Akivaga, Mkenya aliyekuwa akiongoza serikali ya wanafunzi ya DUSO, alichukuliwa chuoni na askari wa FFU, kikosi cha polisi cha kutuliza ghasia, na kurudishwa kwao, baada ya barua ya wazi kwa makamu mkuu wa chuo wa wakati huo, Pius Msekwa. Nairobi nako, Februari 1985, wanafunzi waligoma kwa sababu viongozi wao walifukuzwa, na tarehe 10 polisi wakawavamia kwenye uwanja wa michezo walipokuwa wamekusanyika kwa sala.

Siku hizi mambo huenda kwa barua zaidi. Desemba 2019 viongozi wa DARUSO, serikali ya wanafunzi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM), waliipa Bodi ya Mikopo saa 72 imalize matatizo ya mikopo, na chuo kikawasimamisha. Mwaka huohuo Makerere, Uganda, mmoja wa vinara wa maandamano ya kupinga nyongeza ya ada ya asilimia 15, Siperia Mollie Saasirabo, naye alipewa barua ya kusimamishwa.

Barua ni afadhali kuliko FFU. Barua inajibika.

Kabla hujasema: soma sheria ndogo

Kila chuo kina sheria ndogo za wanafunzi. Ulipewa wiki ya kwanza, ukasaini fomu kwamba umezisoma, na hukuzisoma. Zitafute leo. Tafuta mambo matatu tu: mikutano inaombewa kibali kwa nani na siku ngapi kabla, nani anaruhusiwa kuzungumza na vyombo vya habari kwa jina la wanafunzi, na adhabu zipi zinatolewa na nani. Hili la mwisho watu hulipuuza, nalo ndilo linalozaa matunda. Kwenye vyuo vingi Mshauri wa Wanafunzi anaweza kutoa onyo au kukutoa hosteli, lakini kufukuza ni kazi ya ngazi nyingine. Barua ya kufukuzwa iliyosainiwa na asiye na mamlaka ya kufukuza ina ufa tangu siku ya kwanza.

Kuhusu vyama: Sheria ya Vyama vya Siasa ya Tanzania inakataza chama kuwa na ofisi au tawi mahali pa kazi au pa masomo. Haikukatazi wewe kuwa mwanachama. Ndiyo maana wanafunzi wa CHADEMA wana CHASO na wa CCM wana Seneti yao, na ndiyo maana mkutano wa namna hiyo ni busara uufanye nje ya geti. Kadi iwe mfukoni, fulana ya chama ivaliwe mtaani. Utaniambia kwamba fulana za rangi fulani hupita getini bila kuulizwa. Najua. Lakini "mbona yule hamkumwita" ni hoja ya rufaa, tena uwe na picha yenye tarehe. Usiitegemee ikukinge siku ya kwanza.

Jitenge na jina la chuo. Ukiandika kama wewe, andika kama wewe: usitumie nembo, usitumie karatasi yenye kichwa cha serikali ya wanafunzi, usipige picha ya tamko mbele ya bango la chuo. Kama ni kiongozi na unasema kwa niaba, beba muhtasari wa kikao kilichokutuma, uliosainiwa na katibu. Nimemwona waziri wa mikopo wa serikali ya wanafunzi akishindwa kuonyesha muhtasari, na tamko la watu elfu kadhaa likageuka kuwa lake peke yake.

Na uangalie vitenzi. "Tunaomba Bodi itujibu kabla ya Ijumaa" na "tunaipa Bodi hadi Ijumaa, la sivyo patachimbika" yanabeba dai lilelile. La pili linasomwa na mwanasheria wa chuo kama tishio.

Mkiandamana nje ya chuo, kibali cha chuo hakitoshi. Tanzania polisi wanatakiwa kupewa taarifa saa 48 kabla. Kenya, chini ya Sheria ya Utulivu wa Umma, ni siku 3 hadi 14 kabla, na Katiba yao ya 2010 ibara ya 37 inataja waziwazi haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko kwa amani. Taarifa ipelekwe kwa nakala mbili, moja igongwe muhuri urudi nayo.

Siku barua inapofika

Saini, lakini pembeni ya saini andika tarehe na saa uliyopokea. Barua nyingi zina tarehe ya siku nne nyuma. Kama daftari halina nafasi ya saa, andika hivyohivyo, hakuna atakayekukata mkono. Piga picha bahasha pia.

Kisha isome kujua ni ipi. Barua ya kutakiwa kujieleza inataka maandishi. Wito wa kikao unataka mwili wako. Barua ya kusimamishwa kupisha uchunguzi inakutoa darasani kabla hujasikilizwa, na hapo angalia kama imetaja kifungu na muda. Isiyo na kikomo ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu mtu husahaulika.

Usiku huohuo fanya mambo machache. Hifadhi mazungumzo ya grupu lote, usitoe vipande. Usifute chochote: kufuta ndiko kunakompa mkuu wa ulinzi sentensi ya kuanzia. Andika kwa mkono ulikuwa wapi na nani aliona. Na mwambie mzazi au mlezi mwenyewe, kabla hajapigiwa simu na chuo. Mama anayesikia "mwanao kaleta vurugu" kutoka kwa mtu mwingine atakuja chuoni kuomba radhi kwa niaba yako, na radhi hiyo itaingia kwenye faili. Nimeyaona hayo machozi, na nimeona yalivyoandikwa kwenye muhtasari: "mzazi alikiri."

Usipande jukwaani tena wiki hiyo. Hii huwauma wengi, lakini kila utakachosema kuanzia sasa kitaongezwa kwenye mashtaka, wala hakitapunguza.

Kuandika majibu

Hapa ndipo watu hupotea. Mwanafunzi aliyekamatwa na hasira huandika kurasa sita, anaanza na ukoloni, anapita kwa Nyerere, anamalizia na bumu, na katikati ya ukurasa wa tatu anasema "niliwahamasisha wenzangu wasiingie darasani kwa sababu..." Kamati inasoma mpaka hapo "kwa sababu", inaweka kalamu chini.

Andika ukurasa mmoja. Kama barua imekuja kwa Kiingereza, jibu kwa lugha unayoimudu, maana hapa neno moja linaweza kukugharimu mwaka. Mfano:

*YAH: MAJIBU YA BARUA YA KUTAKIWA KUJIELEZA*

*Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.*

*1. Nakiri kupokea barua yenu ya tarehe 14, niliyokabidhiwa tarehe 18 saa 11:10 jioni, ikinitaka nijieleze kabla ya tarehe 19 saa 3:00 asubuhi.*

*2. Barua inanituhumu kuleta usumbufu. Haikutaja maneno niliyosema, mahali, siku, wala kifungu cha sheria ndogo nilichovunja. Naomba nipatiwe maelezo hayo, pamoja na nakala ya taarifa na ushahidi wowote utakaotumika.*

*3. Wakati nikisubiri hayo, nakana tuhuma.*

*4. Naomba nipewe siku 7 za kujibu tangu nitakapopata nilivyoomba katika aya ya 2.*

Basi. Usiongeze "nawaomba radhi kama kuna niliyemkwaza". Adabu yetu inatusukuma kuliandika hilo, na mimi mwenyewe ningeliandika kama nisingekaa upande wa pili wa meza. Mezani pale radhi ya adabu na kukiri kosa husomwa kwa sauti moja.

Aya ya 2 ina mgongo wa Katiba. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inampa mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu, na ya kukata rufaa, mbele ya mahakama "au chombo kinginecho kinachohusika". Hayo maneno ya mwisho ndiyo yanayoingiza kamati ya chuo. Huwezi kusikilizwa kwa ukamilifu juu ya jambo ambalo hujaambiwa.

Kenya wamekwenda mbali zaidi. Ibara ya 47 ya Katiba yao, na Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015 iliyoitekeleza, zinataka upewe taarifa mapema yenye sababu, nafasi ya kujieleza, ushahidi wanaoutegemea, na maelezo kuhusu rufaa. Kifungu cha 4 kinataja pia kuhoji mashahidi, na wakili pale inapohusika. Komredi wa Nairobi au Eldoret akiandika aya ya 2, ataje kifungu hicho kwa namba.

Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa. Mhudumu akikataa kugonga, tuma pia kwa barua pepe ya ofisi ukiwa bado umesimama pale mlangoni.

Siku ya kikao

Chumba huwa kidogo kuliko ulivyofikiri. Meza ndefu, chupa za maji, mwenyekiti ambaye huenda ni profesa anayekufundisha, mwanasheria wa chuo, Mshauri wa Wanafunzi, wawakilishi wa wanafunzi wawili wanaotazama chini, na karani anayeandika. Mtazame karani. Sema polepole, kwa sababu kitakachokwenda kwenye rufaa ni alichoandika yeye, chochote ulichosema.

Kabla hujaulizwa lolote, omba nafasi ya kusema jambo la utaratibu. Angalia waliokaa: je, yupo aliyeandika taarifa dhidi yako? Kwenye chuo nilichokuwa, mkuu wa ulinzi aliandika taarifa, akaja kuisoma, kisha akabaki kwenye kiti chake wakati wa kupiga kura. Hilo halifai popote. Sema kwa heshima: "Mheshimiwa mwenyekiti, naomba mjumbe aliyeleta tuhuma asishiriki kuamua, na naomba ombi langu liandikwe." Huenda wakakukatalia. Ombi likishaandikwa, kukataliwa kwake ni mali yako.

Halafu yatakuja maswali yasiyo ya kesi. Dada mmoja wa mwaka wa tatu aliulizwa, "Wewe unaipenda nchi yako?" Alijibu kwa dakika kumi nzima, vizuri sana, mpaka wajumbe wawili walitikisa vichwa kumkubali, na katika kueleza mapenzi yake kwa nchi akasema usiku ule alikuwa anabandika mabango kwa ajili ya wanyonge. Alikuwa ameshtakiwa kwa kubandika mabango. Hakukuwa na shahidi hata mmoja aliyemwona. Jibu lilikuwa hili: "Mheshimiwa mwenyekiti, naomba kuelekezwa swali hilo linahusu tuhuma ipi." Halina jeuri. Lirudie kila mara, kwa sauti ileile.

Wakikuletea picha ya ujumbe wa WhatsApp, ishike mkononi uisome. Tuliletewa moja ambayo mwandishi wa ujumbe alionekana kwa jina la "Mkombozi". Kijana akauliza, "Namba ni ipi?" Namba haikuwapo. Jina linaloonekana kwenye simu ni lile alilolihifadhi mwenye simu, na mwenye simu hakuletwa. Tarehe ilikuwa imekatwa. Mwanasheria wa chuo mwenyewe ndiye aliyependekeza waliache. Yule kijana hakugusa siasa kabisa siku ile, alitoka akaenda kula chipsi.

Omba kwenda na mtu: wakili, mhadhiri, au hata mwenzako wa sheria mwaka wa nne. Wakikataa, sema iandikwe.

Polisi wakiingia katikati

Kama umefunguliwa na kesi ya jinai, mambo mawili yanakwenda sambamba, na utakalosema kwenye kamati linaweza kukufuata mahakamani. Omba kamati isubiri, au jibu mambo ya utaratibu tu, na zungumza na wakili kabla ya kuandika neno jingine. Ukishtakiwa kwa kusambaza taarifa za uongo mtandaoni, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ina faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote. Hapo onyo la Mshauri wa Wanafunzi ni jambo dogo.

Abdul Nondo, aliyekuwa mwanafunzi wa UDSM na mwenyekiti wa mtandao wa wanafunzi wa TSNP, alisimamishwa masomo Machi 2018 baada ya kushtakiwa Iringa kwa kutoa taarifa za uongo kuhusu kutekwa kwake. Mahakama ilimwachia huru Novemba mwaka huohuo. Hesabu miezi. Kusimamishwa kwa namna hii hufuata kalenda ya mahakama, na kalenda ya mahakama haijui mtihani wa muhula. Andika barua kila muhula kuomba kusimamishwa kupitiwe upya, hata kama hakuna anayejibu.

Kwa msaada wa kisheria, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu (LHRC) na Mtandao wa Watetezi wa Haki za Binadamu (THRDC) ndipo pa kuanzia. Hifadhi namba zao kabla, na uziandike kwenye karatasi pia, kwa sababu simu huchukuliwa kwanza.

Rufaa ya ndani, kisha Mahakama Kuu

Uamuzi ukitoka, omba nakala yake na sababu zake kwa maandishi, na muhtasari wa kikao. Siku za rufaa huhesabiwa kutoka kwenye sheria ndogo, na huwa chache, kwa hiyo usisubiri muhtasari ndipo ukate: kata rufaa kwa ukurasa mmoja, useme sababu za ziada zitafuata utakapopewa kumbukumbu.

Usiruke ngazi hii hata kama unaamini wote ni wamoja. Mahakama itakuuliza kwanza kama ulimaliza njia za ndani. Kenya jambo hilo limo ndani ya ile sheria ya 2015, kifungu cha 9, ingawa inaruhusu kuomba usamehewe kwa sababu za kipekee.

Ngazi za chuo zikiisha, njia ni maombi ya mapitio Mahakama Kuu. Tanzania kuna hatua mbili: kwanza unaomba kibali, ndani ya miezi 6 tangu uamuzi, halafu ndipo maombi yenyewe. Miezi sita ni mifupi kwa mtu aliyerudi kijijini akisubiri hasira za wakubwa zipoe. Wengi nikiwauliza walikuwa wameshatimiza miezi minane tangu uamuzi.

Tena ujue unachokwenda kuomba. Jaji hataamua kama ulichosema kuhusu serikali ni kweli. Ataangalia kama ulisikilizwa, kama aliyekuhukumu alikuwa na mamlaka, kama sababu zilitolewa. Msimamo huo umeelezwa vizuri kwenye kesi ya Kenya ya Nyongesa na wenzake dhidi ya chuo cha Egerton, 1990: mahakama hazina hamu ya kuendesha vyuo, lakini zitaingilia chuo kikikiuka kanuni za haki ya asili. Na ukishinda, mara nyingi chuo kinaambiwa kikusikilize upya, kwa hiyo usichome faili lako siku ya hukumu.

Wakati uko nje

Rudisha ufunguo wa hosteli na upewe hati ya kurudisha, la sivyo utadaiwa kodi ya muhula mzima. Chukua nakala ya alama zako za mazoezi na majaribio kwa kila somo, zikiwa na saini ya mhadhiri. Mwaka ukipita, wahadhiri huhama na daftari huhama nao. Bumu litasimama, kwa hiyo iandikie Bodi ya Mikopo mapema ukiambatisha barua ya kusimamishwa, ili faili lako lisomeke kwamba umesimamishwa, lisisomeke kwamba umeacha masomo. Na mwezi mmoja kabla ya muda kuisha, andika barua ya kuomba kurejea, nakala kwa mkuu wa idara na kwa msajili wa taaluma, ukitaja tarehe ya kufungua muhula. Usingoje kuitwa. Barua za kurudisha watu hazina haraka kama zile za kuwatoa.